Tumechoka Kuuza Singa na Kununua Kamba

Wazee wa Hale na Magunga wanaujua vizuri mlio wa korona. Mitambo ile ilinguruma kutwa, ikila majani ya mkonge na kutoa singa. Mkonge wenyewe uliletwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Katika miche aliyoiagiza ni 62 tu iliyopona, na kutokana na hiyo 62 yakaota mashamba yasiyoonekana mwisho. Ulipofika mwaka 1964 nchi yetu ilikuwa ikitoa tani zipatazo 230,000 kwa mwaka, ikaongoza duniani.

Je, tulitajirika? Jibu analo kila mtoto wa manamba. Singa zilifungwa marobota, zikapelekwa bandarini Tanga, na sehemu kubwa ikaenda kusokotwa kamba ng'ambo. Sisi tulikata, tulibeba, tulianika. Elimu ya kuigeuza singa kuwa kitu kingine ilibaki kwa wengine. Na siku nyuzi za plastiki zilipoingia sokoni, wenye elimu ile ndio waliozivumbua, nasi tukabaki na mashamba ya magugu.

Hatuyasemi haya kwa kulia. Twayasema kwa kuwa jambo lile lile latujia tena, safari hii katika umbo dogo kuliko ukucha. Jina lake ni chipu.

Ndugu msomaji, chipu imo katika simu yako, imo katika mita ya LUKU ukutani, imo katika mizani ya kupimia ufuta wako sokoni. Ni kipande cha silikoni, na silikoni hutolewa katika mawe ya kwatsi, ndugu wa mchanga tunaoukanyaga. Juu ya kipande hicho huchongwa kwa mwanga na dawa swichi ndogo sana ziitwazo transista, maelfu kwa mamilioni, na katika chipu kubwa za leo mabilioni. Kila swichi ina kazi moja tu: kuwaka au kuzima, moja au sifuri. Swichi chache zikiunganishwa hufanya lango la mantiki. Malango yakiunganishwa hujumlisha, huhesabu, hukumbuka. Hakuna uchawi hapo. Kuna kazi iliyopangwa vizuri, na kazi hufundishika.

Lakini yafundishwaje? Sisi tunaoandika haya tumepitia chuo cha ualimu, na hatuna budi kusema kweli. Transista tulifundishwa kwa chaki. Tuliichora, tukaitaja miguu yake mitatu, tukafaulu mtihani, wala hatukuishika mkononi hata siku moja. Kisha tukapewa cheti twende tukawafundishe wengine. Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Basi sisi tulilishwa nta, na tukatumwa tuwalishe nta wadogo zetu.

Wako watakaosema: haya ni mambo ya mataifa makubwa, kiwanda kimoja cha chipu za kisasa hugharimu zaidi ya dola bilioni 10, sisi tutazipata wapi? Neno lao ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Kuwa na kiwanda ni jambo moja. Kumfundisha kijana kubuni chipu, ikatengenezwa, ikarudi mkononi mwake, ni jambo jingine, na hili la pili halidai mabilioni.

Tazameni ilivyoanza. Mwaka 1978 mama mmoja wa Marekani, Lynn Conway, alikwenda kufundisha katika chuo cha MIT. Wakati ule ubunifu wa chipu ulikuwa siri ya makampuni. Yeye aliwapa wanafunzi wake kanuni chache zilizo rahisi, akamwambia kila mmoja abuni chipu yake, kisha akazikusanya kazi zote na kuzipeleka kiwandani zichongwe pamoja. Baada ya wiki chache wanafunzi wakapata chipu zao, wakazipima wenyewe. Mwaka uliofuata, 1979, akafanya vivyo hivyo kwa wabunifu zaidi ya 100 wa vyuo vikuu mbalimbali. Mwaka 1981 serikali ya Marekani ikalifanya jambo hilo kuwa huduma ya kudumu, ikaitwa MOSIS. Hivyo hata hao wakubwa hawakumjengea kila mwanafunzi kiwanda. Walishirikiana.

Na ushirika huo twaujua. Mkulima wa Mazingara mwenye magunia matatu ya mahindi hakodi lori peke yake. Anaungana na jirani zake, kila mtu anatia alama magunia yake, lori linajaa, nauli inagawanywa. Chipu nazo husafiri hivyo hivyo. Kiwandani hutumika sahani moja ya silikoni, na juu yake kazi za watu wengi hupangwa bega kwa bega. Mwaka 2020 kampuni ya Google na kiwanda cha SkyWater cha Marekani zilifungua hadharani vipimo vya kubunia chipu ambavyo zamani vilifungiwa kabatini, na programu za kubunia zikapatikana bure. Mwaka 2022 ukaanza mpango uitwao Tiny Tapeout, ambao humpa mwanafunzi kiwanja kidogo katika chipu ya pamoja. Bei yake huhesabiwa kwa mamia ya dola, si kwa mamilioni. Kijana huandika maelezo ya saketi yake kwa lugha ya kompyuta, huijaribu katika kompyuta mpaka aridhike, huipeleka, na baada ya miezi kadhaa chipu hurudi.

Miezi hiyo ya kungoja ndiyo mwalimu mkuu. Kosa la ubaoni hufutwa kwa dasta. Kosa lililochongwa katika silikoni halifutiki. Litarudi kwako kwa posta, likukodolee macho. Kwa hiyo mwanafunzi hujifunza kupima mara kumi kabla ya kukata, kumwomba mwenzake amkosoe, na kukiri kosa likiwa bado dogo. Taifa linalohitaji wahandisi waaminifu, na viongozi waaminifu pia, lafaa liwalee vijana wake namna hiyo.

Msidhani jambo hili liko mbali na Afrika. Kule Nyeri, Kenya, kiko Chuo Kikuu cha Teknolojia chenye jina la Dedan Kimathi, yule shujaa aliyenyongwa na Waingereza mwaka 1957. Ndani ya eneo la chuo hicho kampuni ya Semiconductor Technologies imeweka kiwanda chake cha chipu. Palipopiganiwa ardhi jana, leo vijana wapigania ufundi. Nako Taiwan, mwaka 1976 taasisi ya serikali ilifanya mapatano na kampuni ya RCA ya Marekani, ikawatuma wahandisi vijana wakajifunze kiwandani kwa mikono yao. Miaka 11 baadaye, mwaka 1987, ikazaliwa kampuni ya TSMC, ambayo leo inawatengenezea chipu wakubwa wengi wa dunia. Kisiwa kile hakikungoja kwanza kitajirike ndipo kijifunze.

Lakini tusijidanganye. Mwaka 2025 kampuni ya Marekani iliyokuwa ikipeleka kazi za wanafunzi kiwandani, Efabless, ilifungwa kwa kukosa fedha, na kazi nyingi zilizokuwa njiani zikaingia mashakani. Tiny Tapeout ikabidi itafute njia nyingine, pamoja na kiwanda cha IHP cha Ujerumani. Hilo ni onyo. Anayepita katika mlango wa mwenziwe ajue kwamba siku moja waweza kufungwa. Tuutumie mlango huo maadamu u wazi, lakini tuutumie kwa kukusanya ujuzi wa kujenga wetu.

Hapa Mazingara mzee mmoja alituuliza: "Wanangu, mvua imekatika, mahindi yamekauka, nanyi mwaniletea habari ya chipu. Chipu italeta mvua?" La, mzee wetu, haileti mvua. Wala shule isiyo na choo haitapata choo kwa sababu ya chipu, na choo kijengwe kwanza. Lakini kisima cha kijiji kikiharibika bodi ya kuendeshea pampu, twamngoja fundi wa mjini. Naye akifika husema bodi haitengenezeki, inunuliwe nyingine. Akina mama wanarudi mtoni na ndoo. Tofauti kati ya bodi kununuliwa ng'ambo na bodi kutengenezwa Korogwe ni kijana mmoja aliyefundishwa kuelewa kilichomo ndani yake. Kijana huyo anatoka wapi, kama si katika shule zetu hizi?

Mwezi Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa maandiko ya Elimu ya Kujitegemea. Yalikuwa maandiko makubwa, lakini katika shule nyingi kujitegemea kukageuka kuwa jembe tu, na mara nyingine jembe la adhabu. Sasa, tangu mwaka 2024, mitaala mipya imeleta mkondo wa amali katika sekondari. Jina ni zuri. Twaogopa jina lisije likabaki peke yake, mtoto akafanya mtihani wa amali kwa kalamu. Kwa sababu hiyo twataka mambo manne.

Kwanza, kila shule ya mkondo wa amali katika Handeni na Korogwe inayofundisha umeme na elektroniki iwe na meza ya kazi: betri, nyaya, taa ndogo, malango ya mantiki ya bei rahisi, na ubao wa kuchomekea. Mtoto aanze kwa kuunda kengele inayolia tangi la maji likijaa, au kihesabu magunia ghalani. Kazi ya mtihani iwe kitu kinachofanya kazi mezani.

Pili, mwalimu atangulie. Chuo cha Ualimu Korogwe na vyuo vingine vya ualimu visimpe cheti cha kufundisha somo hili mtu ambaye hajaunda saketi yake mwenyewe, ikakataa, akaitafuta kasoro mpaka ikakubali.

Tatu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na Taasisi ya Nelson Mandela Arusha ziungane zipeleke kazi za wanafunzi kiwandani kila mwaka, bila kuruka. Kabla ya silikoni zitumike chipu zinazopangika upya, ambazo mwanafunzi anaweza kukosea na kurudia bila gharama. Na katika lori hilo pawe na nafasi ya gunia la shule ya sekondari, hata moja, ili mtoto wa kata ajue kwamba njia imefika kwake.

Nne, tujuane na ndugu zetu wa Nyeri. Jumuiya ya Afrika Mashariki isiwe ya mipaka na ushuru peke yake. Vijana wetu waende kule wakaoshe mikono, wavae mavazi meupe ya kiwandani, wakajifunze kazi.

Hatusemi kila mtoto atakuwa mbunifu wa chipu. Wengi watakuwa mafundi, wakulima, walimu. Lakini aliyekwisha kutengeneza kitu kimoja kwa mikono yake hatazamii tena vitu kama mtu anayetazama miujiza ya mgeni. Atauliza: hiki kimetengenezwaje, nami nakiwezaje? Swali hilo ndilo manamba hawakuruhusiwa kuuliza mbele ya korona.

Ndugu wanachama, katika mkutano wa tawi unaokuja, kila mmoja wenu asimame aulize: shule yetu ina meza ya kazi? Mwalimu wake amekwisha kushika anachokifundisha? Jibu liandikwe katika kumbukumbu za mkutano, na mkutano wa baadaye liulizwe tena. Singa tuliuza vya kutosha. Sasa tujifunze kusokota.