Tusiombee miito tusiyoitunza

KILA mwaka, Jumapili ya nne ya Pasaka, makanisa ya Kikatoliki nchini huombea miito. Desturi hii ilianzishwa na Papa Paulo wa Sita mwaka wa 1964, nayo imekita mizizi miongoni mwetu. Tunamsihi Mungu atupatie mapadre, mabruda na masista watakatifu. Kisha tunarudi nyumbani tukidhani kwamba kazi iliyosalia ni yake peke yake.

Hapo ndipo tunapokosea. Mungu huleta mvua, lakini kupalilia ni kazi ya mwenye shamba. Nathubutu kusema kwamba Wakristo wengi wa nchi hii wanaombea miito ambayo hawako tayari kuitunza, na wanaoumizwa zaidi na uzembe huo ni masista.

Hebu tuitazame safari ya msichana atakaye kuwa mtawa. Hupokewa kwanza kama mpostulanti, kisha akaingia unovisi ambao kwa sheria ya Kanisa haupungui miezi 12. Baadaye huweka nadhiri za muda kwa miaka isiyopungua mitatu, ndipo aruhusiwe kuweka nadhiri za daima. Miaka yote hiyo anakula, anavaa, anasoma, anaugua na kutibiwa. Ni nani agharamiaye? Ni shirika lake. Na mashirika mengi yaliyozaliwa humu humu Afrika hayana hazina kubwa. Hutegemea mishahara ya wale wachache walio walimu na wauguzi, shamba la mahindi, ng'ombe wawili watatu, na msaada wa wafadhili wa ng'ambo ambao hawana ahadi ya milele nasi.

Aliyehudhuria sherehe zetu anaijua tofauti ninayoitaja. Kijana anapokaribia kupewa daraja ya upadre, parokia nzima husimama. Kamati huundwa miezi kadhaa kabla ya siku yenyewe, harambee huitishwa, na si nadra kusikia kwamba padre mpya amezawadiwa gari. Simwonei kijicho, maana barabara za vijijini zinamhitaji padre mwenye gari. Lakini sista anapoweka nadhiri za daima, aghalabu tunamfunga leso, tunamkabidhi sufuria, tunampigia vigelegele na kwenda zetu. Kesho yake tunamtarajia afundishe katekisimu, awatembelee wagonjwa na kupamba altare, bila kujiuliza atapanda matatu kwa nauli ya nani.

Wapo watakaonijibu kwamba watawa waliapa ufukara, hivyo fedha ni za nini? Hoja hii husikika mara nyingi, nayo ni ya kutusitiri sisi tusiotaka kutoa. Ufukara wa mtawa ni uamuzi wake wa kutojilimbikizia mali ili awe huru kuwatumikia watu. Haukuwa kamwe idhini kwa shule au zahanati kumlipa nusu ya anacholipwa mwenzake mwenye cheti kama chake. Wala haukuwa ruhusa kwetu kumsahau akiwa mzee, baada ya kuwafundisha watoto wetu kwa miaka 40. Nadhiri ni ya mtawa. Hatukutumwa sisi kumfukarisha.

Historia ya Kanisa lenyewe yatufunza. Mwaka wa 1889, askofu Mfaransa aliyekuwa Nagasaki, Japani, aliandika kwamba angelazimika kuwarudisha makwao vijana waliotaka upadre kwa kukosa fedha za kuwalea. Barua hiyo iliwafikia wanawake wawili mjini Caen, Ufaransa: Stephanie Bigard na bintiye Jeanne. Hawakukomea kwenye rozari. Waliomba msaada kwa jamaa na marafiki, na juhudi hizo zikazaa Shirika la Mtakatifu Petro Mtume, ambalo hadi leo husaidia seminari na nyumba za malezi katika nchi za misioni, zikiwemo za Afrika. Ikiwa mama na mwanawe waliweza kuwajali vijana wa Japani ambao hawakuwazaa, sisi tunashindwaje kumjali binti wa jirani?

Kwa walimu na wanafunzi, mfano ulio karibu zaidi ni wa Bruda Peter Tabichi, Mfransisko aliyekuwa akifundisha hisabati na fizikia katika shule ya sekondari ya Keriko, Kaunti ya Nakuru. Mwaka wa 2019 alishinda tuzo ya mwalimu bora duniani, yenye thamani ya dola milioni moja. Dunia ilistaajabu kusikia kwamba alikuwa akitoa asilimia 80 ya mshahara wake kuwasaidia maskini. Lakini tuzingatie jambo moja: asingeweza kutoa mshahara asiokuwa nao. Alikuwa na elimu, kazi na malipo, ndipo ukarimu wake ukapata cha kugawa. Mtawa aliyenyimwa elimu na ujira hunyimwa pia nafasi ya kutoa.

Wazazi nao wana sehemu yao. Maurice Otunga alikuwa mwana wa chifu, naye angeweza kumrithi babake, Sudi Namachanja. Alikataa, akapewa upadre mwaka wa 1950 na kuwa kardinali wa kwanza wa Kenya mwaka wa 1973. Leo kuna mzazi ambaye humwombea mtoto wa mwenzake aitwe na Mungu, lakini wake akitamka neno utawa, nyumba hujaa kilio cha karo iliyopotea na mahari yasiyokuja.

Wengine huhofu kwamba tukiwasaidia sana, watajitokeza wasio na wito, wakitafuta masomo ya bure. Hofu hiyo ina msingi, ila dawa yake ni walezi wenye busara na muda wa kutosha wa kumpima kijana, wala si njaa. Tena anayegundua kwamba njia hii si yake aondoke kwa heshima. Sheria ya Kanisa haimpi haki ya kudai malipo kwa kazi aliyofanya shirikani, lakini yaliagiza shirika limtendee kwa usawa na upendo. Nasi tusimcheke arudipo kijijini.

Yatupasa basi kuanza na yaliyo mkononi. Kila jumuiya ndogo ndogo itenge kiasi cha mwezi, hata kiwe kidogo, kwa malezi ya wanovisi na wanaseminari wa parokia yake. Shule na zahanati za Kanisa ziwape masista mikataba ya kazi na mishahara ya haki. Kamati ya harambee ya padre mpya ikumbuke pia matibabu ya masista wazee. Nawe mwalimu unayekilea chama cha YCS shuleni, mwanafunzi akikujia kwa siri kukueleza kwamba anauwazia utawa, usimcheke wala usimsukume. Msikilize, mtafutie mtu wa kumwongoza, na umhimize asome kwa bidii.

Jumapili ya miito itakapofika tena, tuombe kwa moyo wote. Lakini kabla ya kusema amina, kila mmoja wetu ajiulize: huyo ninayemwomba Mungu amlete, akija kesho, nimemwandalia nini?