Ada ya Mwezi Inaifaa Ndondi Zaidi
Mwaka 2015, Mmarekani aliyetaka kutazama nyumbani pambano la Mayweather na Pacquiao alilipa karibu dola 100 kwa usiku mmoja. Kaya zaidi ya milioni 4 zililipa, na mapromota wakanogewa. Lakini bei hiyo huwafungia vijana nje, na bondia asiyeonekana leo hana wa kumlipia kesho. Njia nyingine ipo: Septemba 2025 pambano la mabondia Canelo na Crawford lilionyeshwa Netflix bila nyongeza juu ya ada ya mwezi kwa waliojiunga. Wapinzani watasema mabondia watapunjwa. Vigogo, pengine; lakini wale wa mapambano ya utangulizi kwa kawaida hawakuwa na mgao katika mauzo ya kila pambano. Hofu yangu ni nyingine: DAZN, huduma ya kutazama michezo mtandaoni kwa ada ya mwezi, iliingia Marekani 2018 ikiyaponda malipo ya kila pambano, kisha ikayarejesha yenyewe, na ada ya mwezi haikuondolewa, bali ilipanda.