Shokapu iliyopinda hainyooshwi kwa nyundo

Ndugu mkulima, ndugu mfanyabiashara, leo tuambiane ukweli. Pikipiki ikianguka, kubadilisha kioo cha pembeni, leva ya breki au taa ya indiketa fanya mwenyewe nyumbani, uokoe hela. Hapo sina ugomvi.

Ugomvi wangu ni shokapu ya mbele. Imepinda, unaichoma kwa mkaa, unaigonga kwa nyundo, kesho unapakia magunia ya mahindi! Bomba lililopinda limeshachoka. Moto unalilegeza zaidi, na ufa usioonekana kwa macho unaweza kuanzia hapo hapo. Likikatika, litakatika ukiwa na mzigo mteremkoni.

Utasema shokapu mpya ni ghali. Kweli. Lakini mbona mbegu iliyobunguliwa huipandi, hata kama uliinunua?

Kabla ya kuwasha, simama mbele, bana tairi kwa magoti, tazama kama usukani umenyooka nalo. Inua gurudumu, lizungushe, uone kama rimu inayumba. Angalia kama shokapu inavuja oili. Ukiona kasoro moja tu, ikokote hadi kwa fundi, usiiendeshe.

Gunia linaweza kulala nyumbani siku mbili. Wewe ukilala wodini, shamba atalima nani?