Yavuyavu amevalishwa umeme, sasa tuweke mipaka

Wewe unavaa saa ya kuhesabu hatua. Kuna kiumbe wa baharini naye amevalishwa kifaa, tofauti ni kwamba chake kinamwendesha.

Mwaka 2020, Nicole Xu wa Chuo Kikuu cha Stanford na John Dabiri wa Caltech, Marekani, walimpachika yavuyavu kifaa kidogo cha betri. Yavuyavu ni yule kiumbe laini, karibu wote maji, anayeelea kama mfuko wa plastiki. Kifaa hicho hutuma umeme kidogo kwenye misuli, nayo inajikaza haraka kuliko kawaida. Matokeo? Aliogelea kwa karibu mara 3 ya kasi yake, huku akitumia nguvu mara 2 pekee. Yaani mbio alikuwa nazo siku zote, ila hazitumii.

Lengo ni abebe vipimo vya joto na chumvi hadi vilindini, ambako kupeleka meli ni gharama kubwa. Kufikia 2024, kikosi cha Dabiri huko Caltech kilikuwa kikiunda vifaa hivyo kwa takriban dola 20. Hizo ni kama Sh2,600, karibu bei ya simu ya mulika mwizi. Kwa hivyo wewe unayesomea elektroniki, usidhani mambo haya ni ya matajiri tu.

Lakini teknolojia ikishuka bei hivyo, nani ataizuia isivuke mpaka? Yavuyavu hana ubongo, na kifaa kikitolewa anarudia mwendo wake. Pweza je? Mwaka 2023, watafiti wa Okinawa, Japani, walitangaza kwamba wamerekodi ubongo wa pweza wakiogelea huru, kwa saa 12, kupitia kifaa kilichowekwa ndani ya mwili. Hao walisikiliza tu, hawakumwendesha. Ila pweza hujifunza, hukumbuka, na Uingereza ilimwingiza kwenye sheria ya wanyama wanaohisi mwaka 2022.

Msimamo wetu ni huu: kusikiliza neva za mnyama ili tujue anavyoishi, sawa, mradi asiteswe. Kushika usukani wa misuli ya mnyama mwenye ubongo, hapana.

Siku ukipata nafasi ya kuunda kifaa kama hiki, jiulize mambo mawili kabla ya kubonyeza swichi. Je, anahisi? Na nikimvua, atarudi alivyokuwa?