Kiwanda cha chai ni cha wengi, mbona ofisi isiwe?

Mkulima mwenye nusu eka ya chai hanunui mashine ya kukausha majani. Anapeleka majani mabichi kituoni, lori linayafikisha Kapkoros, Tirgaga au Litein, na wakulima wenyewe ndio wenye hisa kiwandani. Gharama inagawanywa. Sisi tunaona vijana wa kazi za mtandaoni hapa Kericho na Bomet wanafaa kuiga akili hiyo.

Tangu serikali izindue Ajira Digital mwaka wa 2016, wengi wamejifunza kazi hizi. Shida iko nyumbani. Mvua ya alasiri ikipiga, stima inapotea na kazi inalala. Ukifungua laptop, watu wa nyumba wanaona umekaa bure: "Si uko tu? Hebu peleka maziwa." Mteja wa ng'ambo hajui habari ya maziwa. Ukimchelewesha mara mbili, anatafuta mwingine.

Ofisi ya pamoja inakupa intaneti, stima ya akiba na mtu wa kuuliza ukikwama. Lakini usikimbilie kulipa mwezi mzima. Anza na siku za kazi ya haraka. Lipa kwa till, si kesh, ili ujumbe wa simu ukuwekee rekodi. Mwisho wa mwezi linganisha: kiti kimekula ngapi, kimeleta ngapi? Kama hakijilipi, rudi nyumbani bila aibu. Kama kinajilipa, tenga pesa yake siku unayolipwa, kabla ya matumizi mengine.

Na kama mko watano mtaani na hakuna ofisi karibu, kodini chumba kimoja mchange.