Kazi Ianzie Kitaluni

Nyanya inaponyauka adhuhuri ilhali udongo una maji, mkulima hulaumu jua au mbegu, kisha hukimbilia dukani kununua sumu. Laiti angeling'oa mche mmoja, angeliona mizizi iliyojaa vinundu. Hiyo ni kazi ya minyoo fundo, viumbe wadogo mno, ambao jike mmoja hutaga mayai mia kadhaa. Ofisa ugani naye anayekagua shamba bila kung'oa mche amekagua majani tu.

Sumu si ngao ya kutegemewa. Mwaka 1977, huko California, Marekani, baadhi ya wafanyakazi wa kiwanda kilichotengeneza DBCP, dawa ya kuua minyoo hao, waligunduliwa kuwa wamekuwa wagumba.

Minyoo hao husafiri ndani ya miche na katika udongo ulioganda kwenye jembe. Hapana budi basi kazi ianzie kitaluni. Udongo uloweshwe, ufunikwe kwa nailoni angavu wiki 4 hadi 6 wakati wa jua kali. Shambani, nyanya, bamia na bilinganya zisifuatane, na mizizi yenye vinundu ichomwe, isitiwe katika mboji. Mbegu stahimilivu zipo, lakini nyingi huelemewa joto la udongo likipita nyuzi 28, jambo ambalo wakulima wa Pwani wanapaswa kuelezwa kabla ya kuzinunua.

Bustani za shule zafaa kutangulia. Mwalimu awaongoze wanafunzi kung'oa nyanya na maharage: vinundu vyenye manufaa vya maharage hubanduka kwa kidole, vya minyoo havibanduki.