Nafsi ya Mtu Si Barakoa

Pana wahakiki wa zama hizi wasemao kwamba nafsi ya mtu haipo. Mtu, kwa madai yao, ni barakoa juu ya barakoa, na ya mwisho ikivuliwa hapaonekani uso. Dai hili limevikwa joho la usasabaadaye, likaingizwa madarasani, na ushahidi wake hutafutwa katika riwaya za miji mikubwa. Mojawapo ya riwaya zitajwazo sana ni City of Glass ya Paul Auster wa Marekani, iliyotoka mwaka 1985, nayo ni ya kwanza katika riwaya zake tatu za New York. Shahidi huyo hana budi kuhojiwa upya, maana shahidi aliyeletwa na upande mmoja huweza kuusemea upande wa pili.

Kisa chenyewe ni hiki. Daniel Quinn hutunga hadithi za upelelezi kwa jina la kubuni, William Wilson. Usiku mmoja simu inalia chumbani mwake, na atafutwaye ni mpelelezi aitwaye Paul Auster. Mpigaji amekosea namba. Simu hiyo inarudi, na mwishowe Quinn anajibu kwamba Auster ndiye yeye. Kwa jina hilo la kuazima anapewa kazi ya kumfuatilia mzee Stillman, ambaye zamani alimfungia mwanawe gizani miaka tisa ili kuitafuta lugha ya Mungu. Quinn anamfuata mzee mtaa kwa mtaa, kisha anampoteza. Anakesha uchochoroni muda mrefu, ananyang'anywa hata makao yake, na mwisho anabaki uchi katika chumba kitupu, akiandika katika daftari jekundu mpaka kurasa zinakwisha. Tangu hapo hajulikani alipo.

Hapa wahakiki hushangilia. Husema majina yamebadilika na mtu ametoweka, basi mtu hakuwapo. Hoja hiyo ni sawa na ya mpita njia aliyeona nyumba imeteketea, akasema haikupata kujengwa. Kisichokuwapo hakipotei.

Washangiliaji hao wamelipita jambo ambalo riwaya haikulificha. Quinn alikuwa na mke na mtoto wa kiume, na wote wawili wamekufa. Mtoto huyo aliitwa Peter. Kijana aliyefungiwa gizani naye huitwa Peter. Hapo fumbo linafumbuka: Quinn hakuipokea kazi ile kwa kuwa hana nafsi, aliipokea kwa kuwa ni baba aliyefiwa, na mtoto mwenye jina la mwanawe anahitaji kulindwa. Jina la kuazima lilifunika huzuni, halikufunika utupu. Kwa desturi ya Waswahili mtu huyu angeitwa Baba Peter, na jina hilo lisingezikwa pamoja na mtoto. Majirani wangekaa matanga kwake, wakala naye na kulala barazani pake. Katika New York ya riwaya hii hapana wa kumwita hivyo. Kilichomvunja Quinn ni msiba usio na matanga.

Wahakiki hujibu kwamba Auster amejitia mwenyewe katika kisa, kwa hiyo hata mwandishi amebomolewa. Jibu hilo linawarudi. Auster wa riwayani anakutwa nyumbani kwake, anampikia mgeni mayai, kisha mkewe na mwanawe wanaingia, na Quinn anawatazama kwa uchungu wa mtu aonaye alichopoteza. Jina moja limebebwa na watu wawili: mwenye wa kumwitikia amesimama, asiye naye ameanguka.

Tena liko shtaka kubwa zaidi. Mzee Stillman alimwona mwanawe kama karatasi tupu inayongoja maneno, akamtesa kwa ajili ya fikira hiyo. Nadharia isemayo kwamba mtu ni maneno matupu imekaa jirani mno na mzee huyo. Kama nafsi haipo, ni nani aliyeumia gizani miaka tisa, na ni nani wa kujibu? Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Wanaoikana huikana wakiwa juu ya ardhi.

Haki itendeke: mkondo huu umesema kweli moja, kwamba mtu wa mjini si kipande kimoja kama jiwe. Karani wa Dar es Salaam ana jina kazini, ana jingine mtaani, na jingine kijijini alikozaliwa. Lakini majina mengi si dalili ya kukosa mwenyewe. Kila jina ni mkono wa mtu fulani uliomshika. Wahenga waliposema mtu ni watu, hawakumaanisha kwamba mtu si kitu; walimaanisha kwamba pasipo watu mtu hasimami.

Jambo hili si la New York peke yake. Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi nazo zimebandikwa utepe huohuo wa usasabaadaye, na wanafunzi hukariri utepe kabla ya kusoma vitabu. Baadhi yao huishi peke yao katika vyumba vya kupanga, Nairobi na Dar es Salaam, na huenda siku zikapita pasipo mtu kuwaita kwa majina yao. Mwalimu anayemwambia kijana wa namna hiyo kwamba kupotea ndiko uhuru amempa jiwe aliyeomba mkate. Riwaya ya Auster ina maneno bora ya kumwambia: Quinn alipotea kwa sababu simu iliyolia usiku haikuwa yake. Laiti mtu mmoja angalipiga simu akamtaka Quinn.